Akitumwa anaenda: nimfundisheje mwanangu kukataa?

Mama Kifunguamimba

Habari zenu. Nimekuwa msomaji tu kwa miezi mingi, leo naandika kwa sababu usingizi umegoma.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 15 na ana ulemavu wa akili. Anaoga na kuvaa mwenyewe, anasoma maneno mafupi, njia ya shule anaijua kwenda na kurudi. Anapenda mpira, na kuliko mpira anapenda watu. Tangu mdogo, kila aliyefika nyumbani alimsifu kwa jambo moja: mtoto huyu akitumwa anaenda. Hanuni, hagomi. Nilikuwa nikiisikia sifa hiyo naona fahari.

Wiki iliyopita wakati wa mapumziko wavulana watatu wa darasa la juu walimtuma aingie ofisi ya walimu achukue simu iliyokuwa inachajiwa mezani. Akaenda. Akachomoa chaja, akaukunja waya vizuri kama nilivyomzoesha nyumbani, akaiacha mezani, akatoka na simu. Wala hakuificha. Alivuka nayo uwanja mzima ameinyanyua juu ili waliomtuma waione. Mwalimu alipotokeza, wale watatu wakatoka mbio. Yeye akabaki palepale anacheka, akidhani sasa ndiyo mchezo umeanza.

Nilipoitwa shuleni nilikuta ameshahojiwa. Nikasomewa fomu. "Ulitumwa?" Ndiyo. "Au uliamua mwenyewe?" Ndiyo. "Ulijua kwamba huo ni wizi?" Ndiyo. Chini ameandika jina lake kwa zile herufi zake kubwa. Amesimamishwa wiki moja. Wale watatu wapo darasani.

Usiku nikakaa naye kitandani, nikamuuliza taratibu kwa nini alichukua simu ya mwalimu. Akanijibu, "Waliniita jina langu." Basi. Siku zote wanamwita jina jingine, ambalo sitaliandika hapa.

Ndugu zangu, si kwamba sijamfundisha. Nimemwambia mara mia: ukiambiwa ufanye kitu kibaya, kataa. Hata sasa nikimuuliza, "Rafiki akikutuma uibe utafanyaje?" ananijibu kwa sauti ya kujiamini, "Nitakataa." Kumbe kusema ni kwake, na kutenda ni kwa aliyemtuma.

Baba yake anataka mapumziko yote akae na dada wa usafi mpaka tumfuate. Mimi sitaki kumfungia, lakini ukweli ni kwamba naogopa. Leo simu, kesho watamtuma nini? Naomba walio na watoto kama wangu waniambie walichofanya kikafaa. Ushauri wa "mpende, msikilize" ninao tayari.

Baba Mapacha

Pole sana mama. Mimi namuunga mkono mzee mwenzangu. Mmoja wa mapacha wangu, binti, ana sindromu ya Down. Alipofika miaka 12 tuliona jinsi wenzake wanavyomgeuza kichekesho, tukamwondoa. Anasoma nyumbani, hatoki bila mimi au mama yake. Sasa ana miaka 17 na hajawahi kupata tatizo hata moja. Watoto wa watu hawabadiliki kwa maombi yetu. Unachoweza kukilinda ni mlango wako.

Mwalimu Mstaafu

Mama Kifunguamimba, nimefundisha elimu maalumu miaka 22, na hiyo fomu imenipandisha presha. Kabla ya mengine yote, irudie shuleni. Ndiyo tatu, mbili zikiwa kwa maswali yanayopingana, si kukiri. Ni mtoto anayetaka maswali yaishe na uso wa mkubwa ulainike. Jambo hili si geni: mwaka 1981 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya mahojiano na watu wenye ulemavu wa akili, wakiwapa jozi za maswali yanayokanushana, na wengi wakaitikia ndiyo kwa yote mawili. Omba ahojiwe upya akiwa na mtu anayemwamini, kwa maswali ambayo ndiyo haiyajibu. Simu ilikuwa wapi? Nani alisimama karibu nawe? Alisema nini? Mpe karatasi achore uwanja na aonyeshe nani alikuwa wapi. Na kwenye barua yako andika neno *alitumiwa*. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 16, unazungumzia kuwalinda dhidi ya kunyonywa na kudhulumiwa. Kijana anayesukumwa mbele achukue kitu ili wengine wabaki safi, hilo linamhusu.

Sasa swali lako. Umelijibu mwenyewe mwanzoni kabisa: akitumwa anaenda. Wale wavulana hawakumfundisha kitu kipya, walivuna tulichopanda sisi. Mtoto wa kawaida anatununia, anabisha, anajificha tukimwita, na kwa utukutu huo anajifunza kukataa bila mtu kumfundisha. Wetu tunamsifu kwa utii kwa sababu utii wake unaturahisishia siku. Tumewaimbia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tukasahau kuwaambia mkuu ni nani. Kwa mwanao, kijana wa darasa la juu aliyemzidi kimo ni mkuu pia.

Mimi mwenyewe niligundua hili nimechelewa. Siku moja niliamua kuchora alama ya chaki ukingoni mwa ubao kila nilipotoa amri. Kaa. Simama. Leta. Acha. Mpe mwenzako. Kabla ya mapumziko ukingo ulikuwa umejaa kutoka juu hadi chini. Aliyenikatalia alikuwa mmoja tu, binti ambaye hakutaka kumkumbatia mgeni wa shule, nami nilimkemea mbele ya huyo mgeni. Nikiwaza leo nilichokuwa namfundisha binti yule kuhusu mwili wake, nasikia aibu.

Kwa hiyo anzia nyumbani, na anza na upuuzi. Mtume jambo la kipumbavu, kwa uso mkavu kabisa: "Nenda kaweke soksi zangu kwenye friji." Akisita, msubiri. Akisema hapana, hata kwa kutikisa kichwa, furahia, piga makofi, mwambie, "Umekataa vizuri." Wiki nzima iwe hivyo: vaa kiatu mkononi, mwagilia kiti, lala chini ya meza. Atacheka, na akicheka anaonja ladha ya kukataa na kubaki anapendwa. Hiyo ladha hajawahi kuionja.

Akishaizoea, fundisha kukataa kwenyewe kama unavyofundisha kupiga penalti. Si kwa maelezo. Maneno mawili: "Hapana. Sitaki." Kisha miguu: ageuke, aende kwa mtu fulani mliyekubaliana. Asitoe sababu. Watoto wenye maneno mengi watamshinda kwa sababu yoyote atakayoitoa, lakini hakuna wa kubishana na mgongo unaoondoka. Muonyeshe wewe kwanza, afanye yeye, mrekebishe palepale, arudie. Dakika 10 kila siku zina faida kuliko mawaidha ya saa nzima Jumapili.

Halafu kosa ambalo karibu kila mzazi hulifanya. Mnapoigiza, mzazi anakunja uso na kukoroma, anakuwa mtu mbaya wa kwenye filamu. Mtoto anakataa vizuri, wote mnafurahi, na hamjafanya kitu. Aliyemtuma mwanao hakukunja uso. Alimwita jina lake. Igiza *utamu*: "Wewe ndiye tunayekuamini." "Ukifanya hivi utacheza namba tisa." Kisha ile inayouma: "Basi, tulijua utaogopa." Na ile ya mwisho: "Hatutakuita tena." Hapo ndipo atateleza, na ni afadhali ateleze sebuleni kwako. Badilisha waigizaji pia, mjomba, jirani, binamu wa rika lake. Akikataa kwako tu, amejifunza kukukatalia wewe.

Jambo moja zaidi, nisikuchoshe. Miaka ya 1950 Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwakalisha wanafunzi wa chuo katika kundi lililopangwa na kuwauliza mstari upi unalingana na mwingine. Kundi lilitaja jibu la uongo makusudi. Kiasi cha robo tatu ya waliojaribiwa walifuata mkumbo angalau mara moja, na hao ni watu wasio na ulemavu, mbele ya mstari ambao macho yao yaliuona. Ila alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mmoja tu. Usitafute kuwabadilisha wale watatu. Tafuta mtoto mmoja wa kusimama karibu na wako.

Dada Mkubwa

Naandika nikiwa na mdogo wangu wa miaka 24 pembeni, naye ana ulemavu wa akili. Nimemsomea yote. Nilipofika kwenye maneno ya Baba Mapacha akasema nimwandikie hivi, nanukuu: "Hana tatizo kwa sababu hana mtu." Baba, usikasirike, ndivyo anavyosema mambo, moja kwa moja.

Kwetu haikuwa shuleni. Alipata simu, na pamoja na simu akapata "marafiki" wengi ghafla. Walimtuma awatumie salio, akatuma. Walimtuma apige picha ambazo hakupaswa kupiga, akapiga moja. Tulijua baada ya wiki kadhaa kwa sababu kila mmoja wao alimwambia neno lilelile, "usimwambie dada," na yeye hamwangushi rafiki.

Kilichosaidia ni kumtenganishia siri. Kumwambia "usiwe na siri" kulishindikana, maana hata sisi tulimwambia asimwambie mama kuhusu zawadi tuliyomwandalia. Akatushika hapo, na alikuwa sahihi. Sasa tuna siri yenye mwisho na siri isiyo na mwisho. Ya zawadi ina mwisho, siku fulani mama ataijua na tutacheka wote. Mtu akikupa siri, muulize, "Tutasema lini?" Akijibu "kamwe," hiyo inakuja kwa dada siku hiyohiyo. Swali hilo moja limemwondoa mtu mzima mmoja maishani mwetu, na sitasema zaidi.

La pili ni mlango wa kutokea. Kukataa mbele ya watu anaowapenda kunamchoma kweli, hata leo. Kwa hiyo tulimpa njia ya kuondoka bila kugombana. Ananipigia na kuuliza, "Dada, paka amekula?" Hatuna paka. Mimi hapohapo najibu kwa sauti ya ukali, wasikie, "Njoo nyumbani sasa hivi!" Anawageukia anasema, "Dada ananiita," anaondoka na heshima yake. Mwalimu anasema asitoe sababu, nakubali, ila wengine wanahitaji pa kushikia.

Anaomba niongeze: "Mimi nina marafiki wawili. Zamani walikuwa kumi na moja. Wawili ni bora."

Baba Mapacha

Nimerudi. Sikutaka kuandika ila mke wangu amesema niandike.

Juzi nilijaribu ile ya soksi, nia yangu ikiwa kuwaonyesha kwamba binti yangu hahitaji mafunzo hayo. Nikamwambia, "Peleka soksi za baba kwenye friji." Akazichukua, akafungua friji, akaziweka, akafunga mlango. Akarudi akakaa. Hakucheka, hakuniangalia hata kuhakikisha. Alikaa tu, anasubiri nimtume kingine.

Ana miaka 17. Mwalimu, naanzia wapi?

Mwalimu Mstaafu

Baba, anzia chini ya kukataa. Bado hajui kwamba ana la kusema. Asubuhi mshikie blauzi mbili, usizungumze, subiri anyooshe mkono. Akichagua ile usiyoipenda wewe, avae hiyo. Mgeni akija, achague kumpa mkono, kumpungia, au kutokumsalimia kwa kugusana. Mpe wiki nyingi, usiharakishe. Na mtafutie mahali pa kukutana na wenzake tena, kidogo kidogo, kwa shughuli yenye kazi ya mikono au mchezo, maana hajifunzi kuogelea kitandani. Pacha mwenzake anaweza kuwa yule mmoja niliyemsema, lakini muulize kwanza. Naye ni kijana, asigeuzwe mlinzi.

Mama Kifunguamimba

Wiki tatu zimepita, nimeona niwaletee mrejesho, mzuri na mbaya.

Fomu ilirudiwa. Kwenye mchoro wake aliweka vichwa vitatu nyuma ya nguzo ya goli na yeye peke yake katikati, mkono mrefu kama mti. Mwalimu mkuu aliutazama muda mrefu. Wale watatu wameitwa, na adhabu ya mwanangu imefutwa kwenye kumbukumbu.

Soksi zilitupa wiki mbili za vicheko. Tatizo ni kwamba amenogewa. Sasa ni hapana kwa kuoga, hapana kwa kitabu, hapana kwa baba yake mbele ya wageni. Mume wangu ananiangalia kama nimemharibia mtoto. Tumeafikiana kwamba kuna mambo matatu yasiyo na hapana, ambayo ni dawa, barabara na moto. Mengine tunapatana naye. Kuoga kumehamia jioni, kumbe alikuwa anachukia maji ya asubuhi miaka yote hii na hakuwahi kusema.

Yule mmoja tumempata bila kumtafuta. Ni msichana, golikipa wa darasa lao, alikuwa anamwita kwa jina lake siku zote na mimi sikuwa najua. Nilimuuliza mwanangu nani anamwita vizuri, akamtaja papo hapo.

Sasa mbaya. Jumanne mmoja wa wale watatu alimwambia arushe begi la mtoto mwingine nje ya ukuta. Golikipa ndiye aliyenisimulia. Mwanangu alisimama, akasema, "Hapana. Sitaki." Akageuka kama tulivyofanya mazoezi, akaanza kutembea. Akapita uwanjani, akapita darasani, akapita getini wakati mlinzi anafungulia gari, akaja mpaka nyumbani. Nilimkuta ameketi kwenye kiti changu cha sebuleni, kiti ninachokalia tukifanya mazoezi, bila begi wala kofia, amefurahi hana mfano. Shule nzima ilikuwa inamtafuta. Mimi nimekemewa kwa simu, na kwa haki.

Mwalimu Mstaafu

Mama, umenichekesha na umenitoa machozi. Amefanya sawasawa kabisa ulichomfundisha. Mlifanyia wapi mazoezi? Sebuleni. Aende kwa nani? Kwako. Kosa ni langu, sikukwambia mhamishe mazoezi. Chagueni mtu wa palepale shuleni ambaye hatoki wakati wa mapumziko, na mahali anapoonekana kutoka uwanjani. Kisha mkafanyie hukohuko, kwenye vumbi lenyewe, mara nyingi mpaka miguu ijue.

Mama Kifunguamimba

Mtu ni dada wa usafi. Mume wangu alikuwa amepatia nusu, hatakaa naye, atamkimbilia. Ana benchi lake chini ya ngazi, linaonekana kutoka magoli yote mawili.

Shule imetukubalia tutumie uwanja kesho jioni watoto wakishaondoka. Golikipa anakuja, mama yake ameruhusu. Baba atasimama na dada wa usafi pale kwenye benchi. Mkorofi nitakuwa mimi, nyuma ya nguzo ya goli. Nitamwita kwa jina lake.